Mtu wa Vishindo

Kozi wa Shaba hakuwahi kuruka.
Nilimrusha mimi, kila siku saa kumi na moja na robo jioni,
ghorofa ya tisa, Chicago,
kwa mwavuli wa marehemu mama mkwe,
nikiufungua na kuufunga mbele ya maikrofoni:
vup, vup, vup,
na watoto wa majimbo arobaini wakatazama dari.

Sauti yake ilikuwa ya Lyle Dunstable,
mfupi, mwenye pumu, mla pipi za mnanaa,
aliyesimama juu ya kreti la soda.
Akinguruma, "Simameni, enyi waovu!"
vifua vya wavulana vilitanuka hadi Oregoni.
Akimaliza huketi, akahema kama mvukuto.

Mimi sikuwa na neno hata moja.
Nilikuwa na meza.
Bua la seleri kwa mfupa unaovunjika,
wanga ndani ya soksi kwa nyayo za thelujini,
bati lililoning'inia kwa radi,
na kabichi, kabichi nyingi, kwa ngumi.
Jioni Hedwig alipika majeruhi.

Barua zilikuja kwa magunia, zote za Kozi.
Njoo umkomeshe kaka yangu.
Je, mabawa huwa unayavua ukilala?
Nimekula uji wenu wa shayiri mpaka nimekinai, pete yangu iko wapi?
Kisha moja, ya penseli:
*Kwa mtu anayefanya vishindo.*
Aino Pelkonen, miaka tisa, Butte, Montana.

*Jumanne mliangusha mgodi. Mlipiga radi.
Mwamba haupigi radi.
Baba alikuwa akisema kwanza hunong'ona,
kama panya ndani ya ukuta.
Halafu mbao zinalia.
Halafu hakuna kitu,
na hicho hakuna kitu ndicho kishindo chenyewe.*

Alikuwa akisema.
Niliusoma mstari ule mara tatu,
kidole kikiwa juu ya wakati uliopita.

Wiki ya tatu waandishi wakaangusha mgodi mwingine
(hawakuwa na mashimo mengi ya kumtumbukiza mtu).
Bati nikaliacha limening'inia.
Nikachukua chumvi ya mawe,
nikaidondosha punje kwa punje juu ya gazeti.
Nikakikalia polepole kiti kibovu cha mpiga kinanda,
kikalia.
Kisha nikainua mikono yote miwili, mitupu.

Sekunde moja.
Mbili.
Nyuma ya kioo Bwana Vandercook alijikata shingo kwa kidole:
hewa tupu ni hela.
Nne.
Lyle juu ya kreti, pipi imekwama shavuni,
hata pumu yake imenyamaza.
Sita.
Ndipo nikaushika mwavuli, vup,
na Kozi wa Shaba akasema, "Nimekuja,"
lakini kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechelewa.

Nilikatwa mshahara wa siku nne.
Hedwig hakuniuliza; alinunua kabichi kwa pesa zetu.

Jibu lilifika mwezi wa pili,
nyuma ya boksi la uji lililokatwa kwa mkasi,
bila salamu:

*Sasa ndiyo.
Mama aliinuka akaizima redio.
Akabaki pale pale, kiganja juu ya kisanduku,
mpaka kilipopoa.*