Ua Ndani ya Ua

Kazi yangu ni kusoma mita za gesi mjini Tandil,
mji wa mawe na baridi inayong'ata masikio.
Nasimama nje ya ua, naingiza mkono kisandukuni,
naandika tarakimu, naondoka.
Sipigi hodi.

Novemba, nyumba nambari 847,
kalamu ilisita katikati ya tano na saba
maana nyuma ya nondo palikuwa na ua
la buluu ambayo sijawahi kuikuta kwenye njia yangu.
Si buluu ya anga, ile imefifia kwa kutazamwa na kila mtu.
Hii ilikuwa ya wino uliomwagika daftarini
mtoto akaufunika kwa kiganja mwalimu asione.
Na kila ua limeshikwa na kikombe cheusi,
cheusi tititi, kama ukucha uliobanwa na mlango.

Nikachuma jani moja lililopenya nondo.
(Wizi ni wizi. Naukiri hapa nisije kuulizwa kwingine.)
Nikalifikicha: shamari, kwa mbali.
Shina nikalipapasa kwa vidole viwili:
pembe nne, kama penseli ya seremala.

"Mnanaa," akasema Ismael, akarudi kwenye mpira wake.
Kweli mnanaa una pembe nne.
Lakini mnanaa haujawahi kunichelewesha kazini.

Januari nikaenda kwa Holger Mathiasen, muuza miche,
ambaye babu yake alikuja kutoka Denmaki
na mbegu ndani ya soksi, au ndivyo anavyopenda tujue.
Akavaa miwani juu ya miwani.
"Mseji. Si ule wa kupikia.
Hawa wana ukoo mkubwa kuliko wa mke wangu,
na wenyewe kwa wenyewe hawasalimiani.
Ndani ya ua kuna vijiti viwili vya chavua, au vinne?"
Sikuwa nimechungulia.
Nani huchungulia kinywani mwa mgeni?
"Basi rudi. Na kama ndio ninaoudhania,
mizizi yake ina viazi vidogo. Nduguye hana."
Akaniandikia jina refu nyuma ya risiti.

Mizizi! Mizizi iko upande wa ndani,
nami kwa mkataba ni mtu wa upande wa nje.

Machi nikachungulia. Midomo miwili,
wa juu umeinama kama kofia ya abiria aliyesinzia.
Vijiti viwili. Nikavihesabu tena, kama mita.
Ndipo akaja ndege, kidole gumba chenye mabawa,
akasimama hewani kati ya pua yangu na ua,
akadumbukiza mdomo; vijiti vikashuka
vikampaka unga utosini, pa!
karani amepiga muhuri.

Mei, mita ya 847 ilikuwa haijasogea.
Tarakimu zilezile za Machi.
Nikapiga hodi, mara ya kwanza kwa miaka kumi na tisa.

Nélida Etcheverry alifungua akiwa na koti na kofia.
"Umekuja kukata?"
"Nimekuja kuuliza jina."
"Nélida."
"La ua."
Akanitazama kwa muda.
"Gesi imepanda, mimi nimeshuka,
na wewe unauliza ua. Silijui.
Lilikuja lenyewe, kwenye chungu cha kitu kingine kilichokufa."
Akanipa sepetu.

Sakitu ilikwisha kuunguza majani yote.
Nikachimba polepole, naye ameinama karibu,
na hapo, udongoni, viazi:
vya kijivu, virefu, vimekunjana
kama vidole vya mtoto aliyelala.
Nikamsomea risiti ya Holger.
Akalijaribu jina mara mbili, likamkwama kwenye meno.
"Refu mno kwa uani," akasema,
akanifungia viazi viwili ndani ya bili ya Aprili.

Kwenye fomu kuna nafasi ya maoni ya msomaji.
Nikaandika: Mita nzima. Jiko baridi. Ua limetambulika.
Kisha nikalifuta la mwisho, halihusu kampuni.
La katikati nikalipigia mstari.