Upande wa Kushoto

Baba yangu, Nahashoni Lubembe,
hakumiliki ng'ombe hata mkia.
Lakini ndani ya ng'ombe alipafahamu
kama mtu anavyokifahamu chumba chake gizani:
wapi pa kuinama, wapi pana kona.

Kila Jumanne alishuka soko la Burma
na kikapu cha mkonge, akachagua moyo
si kwa uzito, kwa mishipa.
"Niachie mirija, usinikatie karibu."
Mutuku wa buchani alicheka:
"Mteja huyu hula mabomba."

Kisha meza yetu ya Kariokor:
bamba la shaba, kalamu ya chuma, mafuta kidogo.
Alichanja. Neno lake lilikuwa hilo, kuchanja.
Na kule Kabete, ilikotoka kazi,
walichanja pia, ng'ombe wazima, dhidi ya sotoka.
Sisi sote, alisema, ni watu wa chale.

Bamba ni kinyume. Ukitaka kushoto, chora kulia.
Usiku mmoja, mama akiwa wodini Pumwani,
alisahau kugeuza.
Tumbo kuu, lile wachinjaji waliitalo taulo,
likalala kulia katika nakala mia nne,
na mwanafunzi mmoja, kitabu mkononi,
akamtoboa fahali aliyevimba
upande usio wake.

Fahali alikufa.
Baba alimlipa kwa miezi kumi na minne
ingawa hakuna aliyemdai.
Mimi ndiye niliyezaliwa usiku ule.
Hilo sikulisikia kwake.

Akanunua kioo cha kunyolea,
akakitundika juu ya meza, kikagua kila mstari.
Ndevu alizinyoa kwa kupapasa.

Juzi, hospitali ya Kenyatta, daktari kijana
alibandika picha ya kifua kwenye taa.
Baba, pumzi zake za kuazima,
aliitazama kitambo
kama atazamavyo fundi kazi ya fundi mwenzake.
"Umeigeuza," akasema. "Moyo wangu uko huku."
Daktari akaichomoa, akaipindua,
akaomba radhi. Baba akafumba macho, ameridhika.

Nimebaki na mabamba thelathini na moja.
Nikipitisha kidole juu ya moyo wa ng'ombe,
upande wa kulia, baridi,
kila mfereji ungali na makali.

Mnunuzi wa vyuma wa Gikomba anayataka kwa kilo.
Amekuja mara mbili na mizani yake.
Nimemwambia arudi Jumanne.