Waliohudhuria

Kikao kimefunguliwa saa nne na robo.
Ni Julai, madirisha yote yamefungwa,
na Loleza haionekani: ukungu umeikalia
kama mlinzi asiyetaka kukabidhi zamu.

Mimi ndiye katibu. Kazi yangu ni kuandika
kilichosemwa, si kilichotokea.

Kamati ya Ushauri ya Jiji, Haki za Watu na Tofauti Zao.
Jina hilo tu lilitula vikao viwili.
Tuko tisa: Mchungaji Luvanda wa Makete,
Ustadhi Kitwana, Bundala mfugaji,
Bi Atuganile asiyeona, anayetujua kwa kikohozi,
na wengine, sahihi zao zipo.
Hatuamuru. Hatutozi. Hatumfungi mtu.
Kitenzi chetu ni kimoja: kamati inashauri.

Agenda ya pili, Siku ya Makabila.
Ngoma sita, fulana mia mbili,
na rangi ya fulana: saa nzima na nusu.
Nimeyaandika yote.

Agenda ya tatu, malalamiko.
Ameingia bibi kutoka Itagano, viatu mkononi
asije akachafua zulia.
Kijana wa bodaboda aliyemleta hakungoja.
Jina kwenye fomu: Lusia Mwashilindi.
Lalamiko: mstari mtupu.

"Karibu bibi, eleza," akasema Mwenyekiti Mwaisumo.
Bibi akaeleza.
Kisafwa, kirefu, bila nukta,
mkono ukipanda na kushuka kama wa mpepeta ulezi.

Tukatazamana.
Mnyakyusa, Mkinga, Msukuma, Mndali, mtu wa Tanga,
tisa tulioapa kumsikia kila mtu,
na hapana aliyejua hata neno la kuulizia "nini?"
katika lugha iliyoupa jina mlima wa dirishani.
Mmoja akasema, arudi siku nyingine na mtu wake.
Nilikwisha kuandika: Imeahi—

ndipo birika likatua.
"Anasema," akasema mama wa chai,
kwa sauti ya aliyevunja kikombe cha watu,
"anasema alikuwa na namba."

Namba ya zahanati, kwenye kipande cha boksi.
Alipewa alfajiri, mjukuu anachemka mgongoni.
Nesi akaita arobaini na sita,
akaita arobaini na saba,
akaita arobaini na nane,
na kwake yote yalikuwa neno moja refu.
Namba yake ilipita mbele yake
kama jirani aliyekugombania mpaka wa shamba.
Jioni mfagiaji alimwonyesha ufagio, kisha mlango.

Bibi akafungua pindo la kanga,
akakiweka kipande mezani, juu ya fulana zetu.
47, kwa wino mwekundu.

Mtoto aliishia wapi, hakusema.
Hatukuuliza. Bi Atuganile peke yake
aliugeuza uso kule sauti ilikotoka
na kuubakiza huko, akingoja sentensi
ambayo haikuja.

Kamati inashauri: pawepo na mkalimani zahanatini.
Mweka hazina akauliza, kwa fungu lipi?
Bundala akasema, toeni kwenye fulana.
Kimya. Kijiko cha mtu kikagonga kisosi.
"Hilo la fulana usiliandike," akaniambia Mwenyekiti.
Nimeliandika.

Mwisho, waliohudhuria.
Miaka sita ananimiminia, najua mkono wake,
najua hatii sukari yangu mpaka nimwambie;
jina sikuwahi kulihitaji.
"Enesi," akasema. "Enesi Nzowa."
Kwenye safu ya wadhifa kalamu ikakwama.
Mkalimani? Hajateuliwa.
Mhudumu? Leo, hapana.
Akachungulia begani kwangu, akacheka puani:
"Andika chai, mwanangu. Yenyewe imeshapoa."

Tukainywa hivyo hivyo.
Kipande cha boksi nimekibana kwa pini
ukurasa wa mwisho, bila maelezo.
Muhtasari umethibitishwa Agosti.
Hapana aliyeuliza ni kiambatisho cha nini.