Herufi za Meno

Jino la mwisho lilinitoka Shaabani,
gego la chini, kushoto,
ndani ya kipande cha mkate wa mofa.
Nikalifunga pembeni mwa leso, nikalisahau
hadi siku ya kufua.

Sikulilia. Ndizi nikaponda, mkate nikachovya,
korosho nikawaachia wenyewe.
Kinywa cha miaka sabini na miwili, nikasema,
kimeshatafuna fungu lake.

Ila mimi nafundisha chuo, Majengo,
watoto thelathini na mmoja, mkeka mmoja na nusu.
"*The*," nawaambia, "ncha ya ulimi, meno ya juu."
Meno yapi?
Siku moja nikafumba macho nisikilize.
Walisoma wote thelathini na mmoja,
wote vibogoyo.
Hata Shamsa, mwenye meno kama punje za hindi bichi,
alikuwa akivuta midomo ndani
apate kusoma sawasawa na mwalimu.

Hapo ndipo nikapanda ngazi, Barabara ya Digo.

Daktari Jenabai aliniwekea mezani taya la plasta.
"Kuna ya kuvaa na kuvua," akasema.
"Ya juu itanyonya kaakaa, itulie.
Ya chini itacheza, sikufichi,
taya lako limesinyaa kama sabuni ya mwisho.
Kuna vipandikizi viwili, vya titani, huko chini,
seti ikabanwa juu yake, ta!
kama kifungo cha buibui.
Na kuna vinne chini, vinne juu,
meno yasiyotoka. Hayo hata muwa utakula."
Bei hakuitamka, aliiandika.
Hayo yasiyotoka yalikuwa nyumba,
wallahi si chumba, nyumba na choo chake.
Ya vifungo, paa la mabati.
Ya kuvua, mbuzi wawili na nauli.

"Na nikikaa hivi hivi?"
"Hiyo ni bure," akasema, akakifuta kioo chake.

Twalibu akapiga simu kutoka Doha:
"Mama, chukua yasiyotoka, tutakopa."
Tukope! Nitafune deni kwa meno ya deni?
Nikachukua ya mbuzi wawili.

Dongo la waridi lenye ladha ya peremende,
kisha nta, kisha rudi Jumanne.
Akaniuliza rangi.
Nikataka meupe kidogo tu,
meno yaliyokwisha kunywa kahawa.

Siku ya kwanza yalinijaa kama wageni wa harusi
waliokuja na magodoro yao.
Mate yakabubujika. Kidonda kikatoka
palepale pa gego la Shaabani;
daktari akapasugua, akasema njoo tena.
Nikajifunza kula mahamri pande zote mbili kwa pamoja,
la sivyo seti inainuka
kama meza uliyoegemea ukingoni.

Chuoni nikasema, "*The*."
Ikagonga mahali pake, kavu, kali.
Watoto wakatazamana.
"Mwalimu, si hivyo," akasema Shamsa,
akavuta midomo ndani
akanisomea kwa sauti yangu ya mwaka mzima,
kwa adabu, kama amsahihishaye mdogo wake.

Nilicheka mpaka ya chini ikaruka
ikatua mkekani,
mbali kidogo na juzuu, alhamdulillahi.
Kimya.
Kisha mmoja, nyuma kabisa: "Yauma?"

Tumeanza upya, tangu alifu.
Shamsa bado husahau, midomo ikaingia,
nami humgusa kidevu.

Usiku yanalala kwenye bilauri
ile ya kaka yangu, iliyobaki peke yake katika sita.
Najisomea gizani zile zisizodai jino:
*be*, *mimu*, *wau*.
Zanitosha kumwita mama.
*Fe* na *the* ziko majini,
zinangoja adhana.