Safu Tatu

Kaunta buku, kwaya mbili, nimelipiga rula:
kabla, tendo, baada.
Ndiyo maabara yangu yote hapa Newala,
chumba cha mwisho, karibu na tanki la mvua
ambalo tangu Juni ukiligonga linaitika tupu.

Chipate ana miaka tisa. Hasemi.
Saa mbili na robo anaziba masikio, anajiuma mkono,
nami nachora kijistari.
Vinne, kisha cha tano nakilaza juu yao
kama mtu afungaye mzigo wa kuni.

Bibi yake alisema ni jini la bondeni,
limepanda na ukungu kutoka Ruvuma.
Mwalimu Hokororo alisema ni deko, achapwe.
Mimi sikusema. Nilikuwa bado nahesabu.

Siku ya kumi na tisa safu ya kwanza ikanijibu:
kila penye kilio pana bomba la salfa,
Likongo nyuma ya darasa anapulizia mikorosho,
mashine mgongoni, inanguruma.
Siku aliyokwenda msibani Kitangari
mtoto alichora duara hadi kengele.
Nikamwomba aanzie upande wetu, kungali na umande.
Akacheka, akakubali.
Jini likahama.

Lakini si hili nililokaa kuliandika.
Nilitaka kuandika kesho ya elimu hii
ambayo wilayani nilipoitaja, uchanganuzi wa tabia,
karani aliniuliza kama natoka polisi.

Chuoni tulifundishwa kupima, kupunguza, kufuta.
“Tabia isiyofaa,” walisema,
hawakusema haimfai nani.
Ukurasa wa arobaini: anapepea vidole mbele ya macho.
Nilimpa korosho moja kila alipotuliza mikono.
Zilipofika sitini mikono ilitulia,
na uso nao.

Ukurasa ule sijauchana. Takwimu haichanwi.
Nimeandika pembeni kwa wino mwekundu:
kosa ni la mpimaji.

Labda kesho yake ndiyo hiyo,
elimu ijipigie rula yenyewe:
kabla yangu, tendo langu, baada yangu.
Atakayelishika daftari hili
aanze kwa kunihesabu mimi.

Jana Chipate alinipokonya kalamu.
Chini ya vijistari vyangu akachora vyake, saba,
vidole vya mkono wa pili vikipepea.
Sijui alihesabu nini.
Labda kikohozi changu, na salfa hii.