Eneo la Kimya

Kijiti nilikitoa kwenye mchezo mbovu wa Okelo, Manyatta,
ule uliomwagiwa soda na watoto wa likizo.
Alitaka mia mbili. Nikampa mia na hamsini
na ahadi ya kumfufulia redio.
Mota mbili zilitoka kwenye printa za mawakili
waliohama Milimani bila kuaga.
Zilizoea kuvuta karatasi. Sasa zitavuta chuma.

Yote haya ni kwa ajili ya Adhola, shemeji yangu,
mchonga vibao wa Kibuye, nyuma ya wauza mitumba,
ambaye tangu Machi mkono wake wa kulia
umekuwa na mambo yake.
Hatuulizi. Chai tunamjazia nusu kikombe.
Kibao cha zahanati kilirudishwa:
herufi R ilikuwa na mguu uliolegea,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Nilianza Ijumaa usiku, kwa tokeni za kukopa.
Waya mwekundu, wa njano, mweusi:
volti tano upande huu, sufuri upande ule,
na yule wa kati ndiye msema kweli,
ndiye anayesema mkono uko wapi.
Mbili na nusu, umetulia. Ikipanda, nenda kulia.
Ikishuka, rudi.
Ni hivyo tu, nikajidanganya.

Bodi ya kwanza iliungua. Moshi mwembamba,
harufu ya samaki wa plastiki,
kama yuko samaki wa aina hiyo.
Ya pili ikakubali, lakini kinyume:
nasukuma kushoto, meza inakwenda kulia,
nabembeleza, inanuna.
Nikabadilishana waya mbili. Ukaidi wote ule
ulikuwa waya mbili.

Lililonikesha ni hili:
niliondoa mkono, na meza ikaendelea kutambaa,
polepole, kama konokono anayejua aendako.
Kijiti kikuukuu hakirudi katikati kamili.
Mbili nukta nne sita. Mbili nukta tano tatu.
Kinatetemeka. Nikacheka,
halafu nikaacha kucheka.

Basi nikachora mpaka ndani ya saketi,
kwa rezista nne na vilinganishi viwili:
kutoka hapa hadi hapa, usisikie kitu.
Mkono ukicheza humu, usiushtaki.
Ngoja mpaka ukusudie.
Upana wa mpaka sikuubuni. Nilimwita,
nikamwambia ashike kijiti, "nijue uzito tu,"
macho yangu yakiwa kwenye mshale wa mita.

Jumatatu akajaribu. Akasukuma kidogo. Kimya.
"Hapa katikati pamekufa," akasema. "Kuna mahali umekosea."
Nikasema ndiyo, hizi spea za mtumba.
Akanitazama muda mrefu kuliko swali lenyewe.
Kisha akasukuma kwa kukusudia
na meza ikaondoka, mota zikilia kiprinta,
ncha ikazama kwenye shaba,
na R ikashuka ngazi, ikashika ukuta, ikasimama.

Bado inapiga kelele ikirudi. Mkanda umelegea.
Pesa yangu ya rezista hajalipa.
Leo chai amejimiminia mwenyewe, hadi juu,
ikamwagika kidogo mezani.
Akaifuta kwa kiganja, akaendelea kunieleza
habari za mteja wa Ahero
anayetaka herufi za kulala.