Jiwe la Kilo

Duka la pamba alilifunga mwenyewe, Vrajdas,
akateleka sufuria kando ya Mto Mirongo.
Dengu, wali, pilipili mbichi.
Wenzake wa hekaluni wakamwita mwehu.
"Mgeni ni Mungu mwenye njaa," alisema,
na jina hakuuliza.

Mimi nilimwibia jiwe la mizani,
kilo kamili, enzi za kubeba magunia yake.
Alijua.
Kila Jumamosi akinipakulia
alinipima kwa macho, kisha
akaongeza upawa.

Leo majivu yake yameingia ziwani.
Wanawe wamerusha maua ya njano,
furu wameyadonoa wakidhani mkate.
Nimekaa mwambani, jiwe mfukoni.
Nilikuja kulitupa.

Muuza dagaa anapita, ndoo kichwani:
"Baba, umekula?"